Mnaouza "Dawa ya Kichina ya Moyo", Mmeshika Mshipa wa Nani?

Matangazo yenyewe mnayajua. Sauti ya mtu mwenye uhakika inarushwa grupu hadi grupu: ukipanda ngazi unahema, ukifagia uwanja moyo unadunda, basi Wachina waligundua zamani kwamba figo zako zimechoka, agiza chupa 3, utumie siku 21. Wanaotutumia ni mashangazi na wajomba zetu, na wanatuma kwa mapenzi. Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Mwisho wa mnyororo huo yupo mama ambaye kweli anahema akifagia. Atatoa hela ya ada ya mtoto anunue kitu ambacho hakuna tabibu wa Kichina aliyefundishwa kazi angempa kabla ya kumshika mkono, kumwangalia ulimi na kumuuliza maswali ishirini.

Kukosa pumzi na moyo kwenda mbio baada ya kazi ndogo, kwa macho ya tiba ya Kichina, ni dalili, na dalili hiyo ina milango mingi ya nyuma. Baadhi ya milango hiyo inapingana kabisa: dawa inayomwinua mmoja ndiyo inayomzamisha mwenzake. Anayeuza chupa ya aina moja kwa wote wanaohema anaiuza tiba hiyo kwa jina tu.

Tuanze na jambo wanaloliruka. Maandiko ya kale kabisa ya tiba hiyo, ambayo yana zaidi ya miaka 2,000, yanasema kazi humfanya mtu aheme na atoke jasho, kwa hiyo kilicho ndani na kilicho nje vyote hutoka, na hivyo ndivyo qi, yaani nguvu ya uhai inayoendesha mwili, inavyotumika. Hapo hajaumwa mtu. Kila mwenye mapafu akibeba ndoo mbili za maji kupanda mlima atahema. Swali la tabibu ni kwa nini huyu anaishiwa kwa kufunga kamba za viatu, akiba yake imekwenda wapi, au ni kitu gani kimeizuia isifike.

Akiba inayohusika hapa ina jina na ina mahali. Inaitwa zong qi, qi ya kifuani. Inatokana na vitu viwili: hewa inayovutwa na mapafu, na kile ambacho wengu umekitoa kwenye chakula. Inakusanyika katikati ya kifua, usawa wa chuchu, pale ambapo wachoma sindano hupaita Tanzhong. Ina kazi mbili: kupandisha pumzi kooni na kuusukuma moyo upeleke damu. Ndiyo maana pumzi na mapigo hulalamika pamoja. Ndiyo maana pia mtu asiyekula vizuri miezi mitatu anaweza kuja kulalamikia kifua, na tabibu akaanza na tumbo lake.

Na ona jinsi watu hawa walivyokuwa wakitazama kwa makini. Chini kidogo ya titi la kushoto kuna mahali wanapopaita xuli, ambapo ukiweka kiganja unasikia pigo. Maandiko yaleyale yanasema pigo hilo likiwa kali kiasi cha kutikisa nguo, qi ya kifuani inavuja. Mvulie mgonjwa koti, mwache na shati jepesi, mkalishe penye mwanga wa dirisha, tazama kitambaa. Kikiruka kwa kila pigo ilhali amekaa tu, hali si ndogo. Daktari wa moyo wa leo hutafuta pigo hilohilo kwa kiganja chake, na likiwa limesogea kuelekea kwapani anafikiria moyo uliopanuka. Chupa ya mtandaoni haijui hata kama mnunuzi ana shati.

Sasa milango. Chukua watu watatu waliopanda ngazi moja na wote wakasimama katikati wanatweta.

Wa kwanza ana uso uliopauka, sauti ndogo inayokatika mwisho wa sentensi, na jasho linamtoka hata bila joto. Akikaa anapata nafuu haraka. Ulimi wake ni mweupe, umenenepa, na pembeni una alama za meno kama ukingo wa chapati ulioumwaumwa. Mshipa wa mkononi, ule wa kupimia mapigo, ni dhaifu, ukikandamiza kidogo unapotea. Huyu amepungukiwa qi ya moyo na mapafu, na anastahili kuongezewa: ginseng, au mbadala wake wa bei nafuu dangshen, pamoja na mzizi uitwao huangqi. Lakini huyohuyo akiwa na kiu, midomo mikavu, ulimi mwekundu usio na utando, na mshipa mwembamba unaokwenda mbio, basi unyevu nao umekwisha. Hapo huandikiwa Shengmai San, ambayo ni vitu vitatu tu: ginseng gramu 9, maimendong gramu 9, wuweizi gramu 6. Cha kwanza kinaongeza, cha pili kinalowesha, cha tatu, kile kitunda kichachu, kinafunga jasho lisiendelee kuvuja. Huangqi peke yake hapo, kwa vile ina joto, ingezidi kumkausha.

Wa pili pia anatweta. Huyu halali chali. Usiku anajazia mito miwili, mitatu, mwisho anakaa kitandani ameegemea ukuta. Anakohoa makohozi ya povu. Miguu imevimba, ukibonyeza juu ya muundi shimo linabaki. Kope zimejaa asubuhi. Mshipa wa shingo unaonekana ukicheza. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita waliandika kwamba shingo ikipiga na mtu anatweta na kukohoa, hayo ni maji. Zhang Zhongjing, tabibu wa kale wa China, karibu mwaka 200 akaongeza picha ya mgonjwa anayepumua kwa kuegemea kitu, hawezi kulala, na mwili unaonekana umevimba. Tiba ya huyu ni kuyatoa maji. Yakiwa yamejaa kifuani wanatumia mbegu za tinglizi pamoja na tende za Kichina 12 za kulinda tumbo. Ikiwa moto wa ndani umezimika, mwili baridi, mkojo mchache, wanakwenda kwenye Zhenwu Tang, dawa ya kuchemsha ya kurudisha joto na kutoa maji. Mpe huyu chupa ya kuongeza nguvu iliyojaa vitu vitamu vizito, na tabibu wa Kichina atakwambia umefunga mlango mwizi akiwa ndani.

Wa tatu anatweta na kifua kinamchoma mahali pamoja, kama sindano. Midomo imeingia rangi ya zambarau, chini ya ulimi mishipa imejaa na kuwa myeusi. Mshipa wa mkononi unakwaruza, unasita. Hapo damu imesimama, nao wanatafuta vitu vya kuiendesha kama danshen na chuanxiong. Wapo na wengine: mwenye hofu na ndoto mbaya, mwenye makohozi ya moto, mwenye mawazo mengi asiyekula wala kulala. Kila mmoja ana njia yake.

Na figo za lile tangazo? Zimo, sikatai. Wanasema mapafu ndiyo yanayotawala pumzi na figo ndizo mzizi wake. Mapafu yakivuta, figo huipokea na kuishika chini. Mtu mwenye shida ya kutoa pumzi hutazamwa zaidi mapafu. Mwenye shida ya kuvuta, anayehisi pumzi inaishia juu haifiki tumboni, hutazamwa figo. Lakini kufika huko huchukua miaka, kwa kawaida ni mzee au mtu aliyeugua kifua muda mrefu, kiuno kinauma, miguu baridi, mkojo wa usiku. Kumwambia binti wa miaka 24 anayehema kwamba "figo zimechoka" ni kuruka mlolongo mzima. Tena "figo" ya Kichina si ile inayopimwa kreatinini maabara. Ni jina la kundi la kazi: kushika pumzi, ukuaji, uzazi, mifupa. Watu wanasikia neno hilo, wanaanza kuogopa mashine ya kusafisha damu, na katika hofu hiyo wanalipa. Huu ni ukatili na naomba tuuite hivyo.

Hatari ya kuchanganya waliiandika Wachina wenyewe. Zhang Xichun, tabibu aliyefariki 1933, alishughulika sana na wagonjwa wa qi ya kifuani iliyodidimia. Alilalamika kwamba wanavyovuta pumzi kwa nguvu huwafanya waonekane kama wenye pumu, na waganga wenzake wakawapa dawa za kushusha qi, na wagonjwa wakazidi kuzama. Namna yake ya kutofautisha ilikuwa mshipa: mwenye pumu mara nyingi mshipa unakwenda kasi, uko juu juu na unateleza, aliyedidimia mshipa uko chini, wa polepole, hauna nguvu. Kwa hao wa pili alitengeneza Shengxian Tang: huangqi mbichi qian 6 (kipimo cha uzito), zhimu 3, chaihu moja na nusu, jiegeng moja na nusu, shengma 1. Qian moja leo huhesabiwa gramu 3. Tazama ilivyopangwa. Huangqi inabeba mzigo wote, zhimu ya baridi inapoza joto lake, na vile vitatu vya mwisho ni vidogo kwa sababu kazi yao ni kuinua tu. Ukiongeza chaihu ifike gramu 12 kwa kudhani nyingi ndiyo nzuri, umetengeneza dawa nyingine.

Hata mshipa wenyewe una utaratibu ambao hauwezi kufanyika kwa ujumbe wa sauti. Mgonjwa anakaa dakika 5 hadi 10 atulie, hasa kama amepanda ngazi kukufikia. Mkono unalazwa usawa wa moyo, kiganja juu, kitambaa kidogo chini ya kifundo. Kidole cha kati kinatua kwanza, usawa wa kile kifupa kinachochomoza upande wa dole gumba. Kidole cha shahada kinafuata upande wa kiganja, cha pete upande wa kiwiko. Mkono wa kushoto vidole hivyo, kuanzia cha shahada, vinasoma moyo, ini na figo. Wa kulia mapafu, wengu na figo tena. Kila mahali panaguswa kwa uzito mara tatu: juujuu, katikati, hadi karibu na mfupa. Tabibu anahesabu kwa pumzi zake mwenyewe. Mapigo manne hadi matano kwa pumzi moja ndiyo kawaida. Si chini ya dakika moja kila mkono. Ulimi unaangaliwa kwa mwanga wa mchana, kabla ya kahawa na kabla ya kuusugua na mswaki, na hautolewi nje muda mrefu maana ukikazwa rangi inabadilika. Ile mashine ya kushika kijiti mkononi, inayochapa kurasa za "hali ya viungo vyako" ndani ya dakika moja, haimo katika tiba hii hata kidogo.

Mshipa unaosita nao wameugawa: wa polepole unaoruka bila mpangilio wanauita jie, wa kasi unaoruka bila mpangilio cu, unaopumzika kila baada ya mapigo yaleyale dai. Kwa jie na dai pamoja na moyo kudunda, Zhang Zhongjing aliacha Zhigancao Tang, na watu wengi hudhani ni dawa ya gancao, ule mzizi mtamu, kwa sababu ya jina. Soma vipimo vya kale vya uzito: gancao iliyokaangwa liang 4, mzizi wa dihuang mbichi jin 1, yaani liang 16, mara nne yake. Tende 30. Inachemshwa kwa pombe ya nafaka sheng 7 (kipimo cha kale cha ujazo) na maji sheng 8 hadi zibaki 3, ndipo ejiao, gundi ya ngozi ya punda, inayeyushwa ndani. Wanaoipika kwa maji matupu na kupunguza dihuang hadi kijiko kimoja, kisha wakasema haifanyi kazi, hawajaipika.

Sasa nikubali ninachopaswa kukubali, ingawa kinaniuma. Vidole vitatu havioni vali, vile vilango vya ndani ya moyo. Mtu mwenye vali iliyosinyaa kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni atasomeka vizuri tu kama "damu imesimama na maji yamejaa", na maelezo hayo yatakuwa sahihi ndani ya tiba hiyo, na vali itabaki imesinyaa. Mshipa unaoruka ovyo unahitaji kipimo cha umeme wa moyo siku hiyohiyo, kwa sababu donge la damu linaweza kutoka moyoni likaenda kwenye ubongo. Na kwetu huku, mtu mwenye uso uliopauka, ulimi mweupe na moyo unaodunda mara nyingi ana upungufu wa damu wa kawaida kabisa: minyoo ya safura, malaria, hedhi nzito, mimba zilizofuatana. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya gramu 12 za himoglobini kwa desilita ya damu, mjamzito chini ya 11, anatafutiwa chanzo na kupewa madini ya chuma. Huangqi haina chuma cha kuziba pengo hilo.

Linaloniumiza zaidi ni mama aliyejifungua. Tiba ya Kichina ina dawa nzuri ya uchovu baada ya uzazi, Danggui Buxue Tang, huangqi 5 kwa danggui 1, gramu 30 kwa 6. Jina lake linataja damu lakini sehemu kubwa yake ni dawa ya qi, kwa hoja kwamba qi ndiyo inayozaa damu. Lakini kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaomshika mwanamke kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 hivi baada ya kujifungua. Anahema, hawezi kulala chali, miguu imevimba, na nyumba nzima inamwambia ni uchovu wa kunyonyesha. Huyo anahitaji eko ya moyo, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, leo. Shangazi, ukimtumia tangazo la chupa, umemchelewesha.

Wala sisemi dawa hizi hazina kitu. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la qiliqiangxin, vidonge vya mimea 11, miongoni mwake huangqi, ginseng, fuzi na danshen, kwa wagonjwa zaidi ya 3,000 wa moyo ulioshindwa, katika hospitali zaidi ya 130 nchini China. Waliolazwa tena kwa moyo kuzidiwa au kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa walikuwa karibu asilimia 25 upande wa dawa, karibu 30 upande wa vidonge vitupu. Kila mmoja wao alikuwa amepimwa, nguvu ya moyo kusukuma damu ikijulikana ni asilimia 40 au chini, na kila mmoja aliendelea na dawa zake za kawaida za hospitali. Wauzaji wa chupa wakilitaja jaribio hili, nusu hiyo ya pili huwa hawaitaji.

Maana kuna yanayoua. Fuzi, iliyomo kwenye Zhenwu Tang, ni mzizi wenye sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Lazima iwe imesindikwa, na huchemshwa kwanza peke yake hadi saa nzima kabla ya mengine kuingia. Ikipikwa haraka, midomo na ulimi hufa ganzi, kisha mikono, kisha moyo unaanza kuruka. Ganzi ya mdomo baada ya dawa ya kuchemsha ni safari ya hospitali bila kusubiri. Mahuang, inayotiwa kwenye chai za kupunguza uzito, yenyewe inaukimbiza moyo. Marekani iliiondoa kwenye virutubisho mwaka 2004. Gancao, mzizi mtamu ambao Waarabu huuita sus, ukitumiwa kwa wingi wiki kadhaa huzuia maji mwilini, hupandisha presha na kupoteza potasiamu. Mgonjwa anayemeza furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, tayari anapoteza potasiamu kwenye mkojo. Akiwa pia kwenye digoksini, dawa ya moyo, potasiamu ikishuka dawa hiyo inamgeuka.

Kwa hiyo ukiamua kwenda kwa tabibu wa Kichina, na wapo wazuri, maana madaktari wa China wamekuwa Zanzibar tangu 1964 na Bara tangu 1968, nenda na majibu ya himoglobini, presha, kipimo cha umeme wa moyo na eko. Hesabu mapigo sekunde 60 kamili ukiwa umetulia, uandike. Andika unalalia mito mingapi na unasimama ngazi ya ngapi. Jipime uzito asubuhi kabla ya kula; kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji, rudi hospitali kwanza. Beba vidonge vyako vyote na usiache hata kimoja kwa kuambiwa na mtu ambaye hakukuandikia. Na mwombe akuandikie kila mmea kwa jina kamili na gramu zake, herufi kwa herufi. Danshen na dangshen zinatofautiana kwa g moja tu kwenye karatasi. Ya pili ni ya kuongeza qi. Ya kwanza inaendesha damu, na kwa mtu aliyewekewa vali bandia anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, inaweza kumtoa damu isiyokatika.